Babu Bado Yumo Uwanjani: Maswali Yenu Kuhusu Wastaafu Wasiotulia

Mwezi huu barua nyingi zimemhusu mtu mmoja, yule mzee aliyestaafu ambaye familia nzima ilidhani sasa atakaa kwenye kiti asome gazeti, kumbe ndo kwanza kanunua raba mpya. Wengine mmeandika kwa wasiwasi, wengine kwa wivu (nawajua), na mababu wenyewe nao wameandika, mmoja kwa herufi kubwa mwanzo mwisho. Nimezifupisha kidogo, majina nimeyaficha kama mlivyoomba, twende kazi.

SWALI: Shikamoo kocha. Baba yangu ana miaka 69, alikuwa mtu wa ofisini, na tangu astaafu kila Jumatano na Jumamosi yuko uwanjani anacheza mpira, wengine anaocheza nao ni vijana wa umri wa wajukuu zake. Juzi kati alirudi anachechemea, nikamuuliza vipi baba akasema kiatu kinabana. Kiatu gani jamani, kifundo kimevimba hivi! Mama anasema mwacheni, kaka yangu anasema tumfiche viatu. Mimi nataka aache mpira, atembee tu asubuhi kama wazee wenzake. Nifanyeje anisikilize?
Binti wa Kiungo Mkabaji

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na mawazo. Kwanza kabisa mwambie kaka yako aachane na habari ya kuficha viatu, mtu mzima hafichwi viatu, ataazima vya mwenzake ambavyo sio saizi yake na hapo ndo kifundo kitakwenda kabisa.

Sasa tuongee. Umesema atembee tu asubuhi. Atembee na nani? Maana hujasema. Baba yako miaka yote ya kazi alikuwa anaingia ofisini anasalimiwa, anaulizwa hili, anataniwa lile, halafu siku moja anapewa cheti na maneno mazuri na kesho yake simu haiiti kabisa, na nawaambia wastaafu wengi hicho ndo kinawauma kuliko hata mshahara. Yeye kajitafutia wengine. Ana mtu wa kumkumbusha kwamba alikosa goli tupu, ana mtu wa kumpigia kumuuliza "mzee jana mbona hukuonekana". Nenda siku moja ukaangalie (nenda kweli, usiseme tu utaenda), utaona mechi yenyewe fupi, ikiisha wanakaa pale pembeni, mmoja kavua kiatu cha kulia cha kushoto bado kiko mguuni, soksi imeshukia kwenye kisigino, na anabishana kuhusu kona iliyopigwa enzi hizo wewe hujazaliwa, na hapo wanakaa muda mrefu kuliko ule waliocheza.

Na sisemi hivi kwa sababu napenda mpira. Kuna utafiti wa Copenhagen, Denmark, ulichapishwa 2018, walifuatilia watu zaidi ya 8,500 kwa miaka kama 25 wakaangalia kila mchezo unaendana na miaka mingapi ya ziada ya kuishi ukilinganisha na mtu asiyefanya chochote. Tenisi ikawa juu kabisa, miaka 9.7, ikafuata badminton 6.2, mpira wa miguu 4.7, baiskeli 3.7, kuogelea 3.4, kukimbia polepole 3.2, na watu wa jimu wakashika mkia kwa 1.5. Angalia hiyo tatu bora. Yote lazima uwe na mtu upande wa pili. Watafiti wenyewe walikiri kwamba hapo hakuna uthibitisho kuwa mchezo ndo sababu, huenda anayecheza tenisi alikuwa na maisha mepesi tangu mwanzo, ila na wao waliona kwamba kule kukutana na watu huenda kuna mchango wake. Mimi siwezi kuthibitisha kuliko wao lakini nimekaa na timu za wazee muda mrefu na sijawahi kumuona mzee anaamka alfajiri kwa ajili ya mapigo ya moyo. Anaamka kwa sababu wenzake wanamsubiri.

Haya, upande wako sasa, maana na wewe una hoja. Kugongana na kijana wa miaka 20 anayekimbia kama anafukuzwa sio mchezo wa mtu wa 69. Misuli inapungua na umri, kano zinakuwa ngumu, jeraha ambalo kijana anapona wiki mbili kwa mzee linakwenda miezi. Kwa hiyo ombi lako libadilike, asiache timu, abadilishe mchezo. Kuna soka la kutembea, lilianza Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, na liliwekwa hasa kwa ajili ya wakubwa. Sheria yake kuu ni kwamba hakuna kukimbia, ukikimbia tu refa anapuliza, na hakuna kukumbana kwa nguvu. Watu wakisikia wanacheka, wajaribu basi! Usipoweza kukimbia inabidi ufikiri kabla mpira haujafika, pasi iende mguuni mwa mtu, ujipange mapema, na kiungo mkabaji mwenye akili ndo anang'aa humo kuliko straika mwenye mbio ambazo hata hivyo zilishaisha. Kama hakuna timu ya aina hiyo waanzishe wenyewe, kwani si wako wengi? Hao wenzake wa umri wake na wao magoti yanauma, ila kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza kusema.

Kumwambia sasa. Usimwambie mbele ya kaka na mama kama kikao cha nidhamu, na usianze na umri. Anza na kifundo. "Baba hicho kifundo leo kikoje?" halafu nyamaza. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo anaruka, apelekwe akapigwe eksirei, hiyo sio ya kusubiri. Kama anakanyaga, basi apumzike mpaka uvimbe uishe, na kurudi kwake kuwe kwa kutembea kwanza, kisha pasi, mechi baadaye. Na muulize kama karibuni alimeza antibaiotiki, hasa ciprofloxacin ile watu wanaiita sipro au ndugu yake levofloxacin, maana hizi zinajulikana kudhoofisha kano, hasa ile ya kisigino, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka 60. Watu wengi hawaambiwi. Akiandikiwa amwambie daktari kwamba anacheza mpira, daktari anaweza kuchagua nyingine.

Jumatano na Jumamosi ni mpangilio mzuri kwa kweli, kuna nafasi ya kupumzika katikati, hapo nampa maksi. Kupasha misuli je? Wazee wengi wanapasha kwa kuongea. Dakika kumi hadi kumi na tano za kutembea haraka, kuzungusha nyonga, kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu, ndo waguse mpira.

Na moja la mwisho halafu nakuachia. Waulize hao wachezaji wenzake kama kuna anayejua kumfufua mtu aliyedondoka moyo umesimama. Kila timu ya wazee inatakiwa kuwa na angalau watu kadhaa wanaojua: piga simu ya dharura, laza mtu chali, weka kiganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, bonyeza kwa nguvu kushuka sentimita 5 mpaka 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike, mkichoka mpokezane. Hilo likiwepo utalala usingizi Jumamosi kuliko ungeficha viatu mia.

SWALI: HABARI YAKO NDUGU, SIJUI UMRI WAKO KWA HIYO SITAKUPA SHIKAMOO WALA SITAIDAI. NINA MIAKA 72. MJUKUU KANINUNULIA SAA JANJA INAYOHESABU MAPIGO YA MOYO. NIKIPANDA KILIMA NA BAISKELI INALIA, NIKISHUKA INANYAMAZA. INASEMA MWISHO WANGU NI 148. KUNA RAFIKI YANGU UMRI HUOHUO YAKE HAIJAWAHI KUVUKA 110 HATA AKIHEMA VIPI. NANI MZIMA NANI MGONJWA?
Babu wa Baiskeli

JIBU: Mzee shikamoo, umenizidi, na punguza herufi kubwa macho yanauma.

Hiyo 148 saa haikuipata moyoni mwako, imepiga hesabu tu: 220 toa umri. Ni hesabu ya zamani na kwa wazee mara nyingi inakadiria chini. Kuna nyingine ya mwaka 2001, 208 toa umri mara 0.7, ukiiweka 72 yako inakuja kama 158. Unaona tofauti hiyo, mapigo kumi, na hata hiyo ni wastani wa watu wengi, mtu mmojammoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo kumi na zaidi na akawa mzima kabisa. Kwa hiyo kengele ya saa isikushushe kwenye baiskeli peke yake.

Rafiki yako ndo umuulize swali moja: anatumia dawa gani ya presha? Kuna kundi la dawa, kama atenolol na bisoprolol, kazi yake ni kupunguza mwendo wa moyo, mtu akizitumia anaweza kupanda kilima jasho linamtoka na saa inamwonyesha 105, akasema mi bado sijaanza, akaongeza, akajikuta kachoka vibaya. Mtu wa dawa hizo asifuate namba ya saa kabisa mpaka aongee na daktari wake. Na asiache dawa kisa saa, maana kuna watu nawafahamu akili zao.

Kipimo ambacho wote wawili mnacho bure ni mdomo. Mkiwa mnaendesha pamoja na unaweza kumsimulia kitu sentensi nzima ila huwezi kumwimbia, hapo ni mazoezi ya wastani, ndo penyewe. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza maneno matatu bila kuvuta pumzi, punguza kidogo, labda kama ni kilima kifupi na unajua unachofanya. Na hii ndo raha ya kuendesha wawili, kipimo hakifanyi kazi ukiwa peke yako, watu watakuangalia.

Saa iwashe ikusaidie kitu kingine: mapigo yako asubuhi kabla hujatoka kitandani. Ukiyajua ya kawaida yako utaona siku yakiwa juu sana bila sababu, labda homa inakuja au hujapona uchovu wa jana, siku hiyo pumzika. Ila kifua kubana, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, jasho la baridi, kutaka kuzirai, hapo usiangalie saa, shuka, kaa chini, muite mtu, simu ya dharura. Na usiseme ni gesi.

SWALI: Kocha hujambo. Mimi ni mke wa hao unaowasifu kila mwezi. Mume wangu kabla hajastaafu nilikuwa nikisema akistaafu tutakaa pamoja. Sasa hivi asubuhi kuogelea, mchana yuko kwenye simu na magrupu yake, jioni anaenda kufundisha watoto wa jirani mpira wa wavu, Jumapili kuna mashindano ya bao au wanaenda kumtazama mwenzao mgonjwa. Kila mtu anamjua, tukitoka hatufiki tunakoenda kwa salamu. Mimi nimebaki kufua taulo. Nikisema ananiambia "si bora hivi kuliko niumwe?" Nimjibu nini?
Mke wa Mtu wa Watu

JIBU: Sijambo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana wanaoandika huwa wananiuliza jinsi ya kumtoa mzee nje na wewe unauliza jinsi ya kumrudisha.

Jibu lake la "si bora hivi kuliko niumwe" ni la kijanja na sio haki. Hakuna aliyemwambia aumwe. Wewe umeomba muda, yeye kakujibu afya, ni mambo mawili. Mwambie hivyohivyo, kwa utulivu, siku ambayo taulo halijalowa.

Halafu nakushauri usiombe apunguze marafiki. Mume wako watu ndo chakula chake, ukimkatia atakaa sebuleni amenuna, utamtuma dukani mwenyewe kwa kukosa hewa. Omba siku. Siku moja ya wiki, nzima, ambayo ni yenu wawili, na iingie kwenye hiyo kalenda yake kama mechi zinavyoingia, na siku hiyo simu inakaa droo. Akisema kuna mashindano, mashindano yanahama. Watu wa namna yake wanaheshimu sana ratiba, ndo walivyoishi kazini, kitu kisicho na saa na siku kwao hakipo.

La pili, na hili utaniwia radhi: wewe unapenda nini? Barua nzima hujasema. Umeniambia habari za mumeo mpaka ratiba ya Jumapili naijua, yako siijui. Kama maji yanakuvutia basi asubuhi moja nenda nae, kuogelea ni rafiki wa magoti kuliko chochote na makundi ya wanawake wa umri wako yapo, na ukishuka kwenye maji kundi tofauti na lake hata mkirudi mna cha kusimuliana. Kama huvutiwi usiende kwa ajili ya kumlinda. Tafuta chako. Kustaafu kulikuja kwake, kwako kazi za nyumbani hazijastaafu, na hapo ndo penye mzizi wa hii barua nadhani.

Na taulo afue mwenyewe. Mtu anayeogelea asubuhi zote hizo ana mabega ya kutosha kukamua taulo.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 14 nacheza kikapu. Babu anakuja mechi zote, nafurahi, lakini anapiga kelele kumzidi kocha wetu, anatoa maelekezo tofauti, na juzi alimfuata refa. Wenzangu wanacheka. Nampenda babu sitaki asije.
Namba 7

JIBU: Marahaba mjukuu. Nadhani ulitaka kusema hutaki asije *hivyo*, nimekuelewa. Babu mwenye sauti hana kazi, mpe kazi. Mwombe ahesabu pasi zako zilizofika na zilizopotea, aandike kwenye karatasi, mtaongea nyumbani. Mtu anayehesabu hawezi kupiga kelele, anapoteza hesabu. Na mwambie wewe mwenyewe, usimtume mama: "Babu nikisikia sauti mbili sijui nimfuate nani." Hatakasirika. Akikasirika ni mpaka mechi ijayo tu. Refa, hapo mwambie kocha wako aongee nae, watu wazima kwa watu wazima.

SWALI: Ndugu mwandishi salamu. Mimi ni tofauti na wote, nimestaafu nikiwa na 66, sijawahi kucheza kitu chochote maishani, shuleni nilikuwa naandikiwa cheti cha ugonjwa. Naona wenzangu wanavyochangamka natamani, ila najionea aibu, mwili mzito, watu siwajui. Nimeshachelewa? Na nianzie wapi?
Mgeni

JIBU: Salamu ndugu yangu. Hujachelewa, na nitakupa mfano wa mtu mmoja ambaye huwa nawatajia watu mpaka wananichoka. Mfaransa Robert Marchand, mwendesha baiskeli. Mwaka 2012 akiwa na miaka 100 aliendesha saa nzima uwanjani akapata kilomita 24.25. Akafanya mazoezi ya mpangilio, akarudi 2014 akiwa na 102, akapata 26.927. Yaani aliongeza kasi baada ya kuvuka mia! Akarudi tena 2017 na miaka yake 105, akapata 22.547, akalalamika kwamba hakuona kibao cha kumwonyesha zimebaki dakika kumi, la sivyo angekaza. Sikuambii uwe yeye. Nakuambia mwili unaitikia mazoezi hata ukiwa mzee sana, na wewe wa 66 kwake ungekuwa mtoto.

Yuko mwingine, Ed Whitlock wa Kanada, 2004 akiwa na miaka 73 alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 54, watu wa miaka 30 wanazitamani hizo. Huyo mazoezi yake alifanya akizunguka makaburini karibu na kwake, saa nyingi, peke yake. Kwake ilifaa. Kwa wewe unayesema unatamani kuchangamka, makaburini hutampata wa kuchangamka nae.

Kwa hiyo anza na watu. Najua ndo unapoogopa. Usiende kwenye timu iliyoiva, tafuta kikundi cha kutembea, wanaotembea hawana siku ya majaribio na hakuna nafasi ya kupoteza mpira. Siku ya kwanza fika mapema, sio kwa wakati, mapema, maana anayefika wa kwanza anasalimiwa mmojammoja kadiri wanavyokuja, anayechelewa anakuta duara limefungwa. Uliza swali la kijinga, kiatu hiki kinafaa au hakifai, hakuna mstaafu asiyependa kushauri mtu viatu, utapata marafiki watatu papo hapo na watabishana wao kwa wao. Kazi yako imeisha.

Kabla ya hapo, kwa kuwa mwili umekaa muda mrefu, pima presha na sukari, mwambie daktari unataka kuanza nini, hasa kama una shida ya moyo kwenu au kifua kinakubana ukipanda ngazi. Kisha taratibu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, usishtuke, hapo ni pa kufika sio pa kuanzia, na hata dakika kumi ni bora kuliko sifuri, wenyewe wamesema kidogo ni bora kuliko hakuna. Wanataka pia mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na kwa walio na 65 na kuendelea mazoezi ya mizani ya mwili (kusimama bila kuyumba) na nguvu siku tatu au zaidi ili kuzuia kuanguka. Hayo ya mwisho wanaume wanayadharau sana. Mzee anabeba vyuma mbele za watu lakini kuvaa suruali kasimama hawezi, anaegemea ukuta.

Yafanyie nyumbani basi ambako hakuna anayekuona: kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila kutumia mikono, kaa polepole, rudia mpaka mapaja yaseme. Ukiinuka toa pumzi, usibane, kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Ukipiga mswaki simama kwa mguu mmoja, sinki liko karibu ulishike ukiyumba. Lenga sekunde kumi kila mguu. Ukizifikisha ongeza kugeuza kichwa kushoto kulia, utaona kazi yake.

Mwezi wa kwanza misuli itauma siku ya pili yake, hiyo ni kawaida. Kiungo kuuma, goti kujaa maji, sio kawaida. Na kama wakikualika kukaa nao baada ya matembezi usikimbilie nyumbani kuoga!

SWALI: Mzee wetu (74) mguu unamkaza sana usiku akitoka kucheza tenisi. Tukimwambia anywe maji anakataa, anasema anajua mwenyewe kwanini. Yupo sawa?
Familia yenye wasiwasi

JIBU: Nadhani na mimi najua kwanini. Uwanjani choo kiko mbali au hakipo, na yeye tezi dume labda imeshaanza kumsumbua, kwa hiyo anaona bora kiu kuliko aibu. Wengi sana wanafanya hivi na hakuna anayesema. Tatizo ukifika umri huo kiu yenyewe inachelewa kuja, mwili umepungukiwa na yeye hajisikii chochote, na kama anameza dawa ya presha ile inayokojoesha ndo inazidi.

Mkazo wa usiku una sababu nyingi, maji ni mojawapo tu, misuli iliyochoka ni nyingine, dawa pia. Anywe mapema, masaa mawili kabla ya mechi, akojoe kabla hajatoka, kisha mafunda madogomadogo wakati wa kubadilisha upande. Jioni apunguze. Kabla ya kulala anyooshe vigimbi vya miguu ukutani. Kama ana moyo dhaifu au figo basi kiasi cha maji aulize kwa daktari wake, asifuate gazeti. Na hiyo ya kuamka usiku mara nyingi kukojoa akapimwe, inatibika, mtoto wa kiume mmoja amsindikize, binti akimtajia atabisha.

SWALI: Babu ana 76, anataka kwenda mazoezini na bukta fupi kama ya wanariadha. Tumwambie nini?
Wajukuu

JIBU: Mwambieni apake losheni ya kuzuia jua mpaka nyuma ya magoti, huko huwa wanasahau.